Mauritania wakati wa jua la utosi: tende, vitabu na mchanga

Watalii wa Ulaya waendao Mauritania huchagua miezi ya Novemba hadi Machi, wakati jangwa lina upepo mwanana na usiku wake hutaka blanketi. Ni shauri jema kwa mtu atafutaye starehe. Lakini atakaye kuwajua wenyeji, na aende Julai, jua likiwa utosini na mgeni haonekani barabarani. Wakati huo jangwa huwa la wenyewe, na wakati huo ndio niliokwenda mimi.

Nchi hii ni kubwa, ndugu msomaji. Eneo lake lapita kilomita za mraba milioni moja, karibu mara mbili ya Kenya yetu, lakini watu wake ni kama milioni tano tu. Ilipata uhuru kutoka kwa Wafaransa tarehe 28 Novemba, 1960. Mji mkuu wake, Nouakchott, ulijengwa juu ya mchanga mtupu mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu wachache. Ukame mkubwa wa miaka ya 1970 ulipoua mifugo, wafugaji walimiminika mjini na mahema yao, na leo mji una watu zaidi ya milioni moja.

JOTO LISILO NA JASHO

Sisi wa pwani twalijua joto la kaskazi: shati hugandamana na mgongo na usingizi hukimbia. Joto la mkoa wa Adrar, huko bara ya Mauritania, ni jingine kabisa. Kipimo hupita nyuzi 40 siku baada ya siku, nawe huoni jasho, kwa kuwa hukauka kabla halijatiririka. Midomo hupasuka, macho huwaka, na mtu huishiwa maji mwilini bila ya kujijua.

Wenyeji hawashindani na jua. Safari huanza kabla ya alfajiri na kusita jua linapopanda. Adhuhuri mji mzima hulala, na hata mbuzi hutafuta kivuli cha ukuta. Mwanamume huvaa kanzu pana ya buluu au nyeupe inayoingiza hewa, na kichwani huzungusha kilemba kirefu kinachofunika pua na mdomo. Mwanamke hujizinga mwili mzima kwa kitambaa kimoja chepesi. Mgeni akifika hupewa kwanza zrig, yaani maziwa yaliyochanganywa na maji na sukari, kisha chai ya kijani yenye nanaa, gilasi tatu ndogo moja baada ya nyingine. Kuondoka kabla ya gilasi ya tatu si adabu.

Wakaapo chini ya hema hupandisha kingo zake ili upepo upite. Wao huliita khaima, na hema letu latokana na neno hilohilo. Si neno hilo tu linalotuunganisha. Sahil kwa Kiarabu ni pwani, na ndiko lilikotoka jina letu la Uswahili. Ukanda ulio kusini ya jangwa lile nao waitwa Sahel, kwa sababu misafara iliyovuka Sahara iliuona kama mabaharia waonavyo nchi kavu. Sisi ni watu wa ukingo wa maji, wao ni watu wa ukingo wa mchanga.

MSIMU WA TENDE

Na kwa nini mtu atoke mjini penye upepo wa bahari aende kuungua Adrar mwezi wa Julai? Jibu ni tende. Msimu wa kuvuna, uitwao getna, huangukia katika joto lilelile. Familia za Nouakchott hufunga mizigo zikarudi kwenye mashamba ya mitende ya babu zao, wakakaa majuma kadhaa wakila tende mbichi na kunywa maziwa. Ndoa hupangwa, ugomvi husuluhishwa, na usiku mashairi hutolewa mpaka jogoo awike. Waarabu huiita Mauritania nchi ya washairi milioni moja. Hesabu hiyo ni ya sifa, si ya sensa, lakini aliyeketi nao chini ya mitende hataibisha. Waimbaji wao wa jadi hurithi kazi hiyo kwa wazazi: wanaume hupiga tidinit, ala ya nyuzi, na wanawake hupiga kinubi kiitwacho ardin.

Lakini si haki kuusifu mtende tukamsahau aliyeumwagia maji. Kwa karne nyingi kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa na wazao wao. Utumwa ulipigwa marufuku Mauritania mwaka wa 1981 tu, na kumfanya mtu mtumwa kukawa kosa la jinai mwaka wa 2007. Hata hivi leo wapo wenyeji wanaopigania haki hiyo itimizwe. Mwana wa pwani ya Kenya, ambako utumwa ulifutwa kisheria mwaka wa 1907, hana pa kusimama akamcheka mwenziwe. Yampasa asikilize tu.

CHINGUETTI

Mashariki ya Atar, mji mkuu wa Adrar, uko mji wa mawe uitwao Chinguetti, ambao Waarabu huuita Shinqit. Mahujaji wa Afrika ya Magharibi walikuwa wakikusanyika hapo kabla ya kuvuka jangwa kwenda Makka, hata wanachuoni wa nchi nzima wakajulikana Uarabuni kwa jina la Shanaqita. Wasomi wetu wa Lamu na Mombasa wamjua Sheikh Muhammad al-Amin al-Shinqiti, mwenye tafsiri ya Adhwaul Bayan, aliyefundisha Madina na kufariki mwaka wa 1974.

Msikiti wa kale una mnara wa mraba wa mawe, uliopambwa kileleni kwa mayai ya mbuni. Wanasali mikono ikining'inia ubavuni kwa madhehebu ya Imamu Malik, nasi Mashafii twafunga yetu kifuani. Kibla ni kimoja. Watoto wao husoma kwa ubao wa mti na wino, wakahifadhi kisha wakaosha ubao na kuandika somo jingine, kama tulivyofanya sisi chuoni. Vyuo vyao vya jadi, viitwavyo mahadhra, vilitiwa na UNESCO mwaka wa 2023 katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Hazina ya mji ni vitabu vya mkono. Maktaba ni za familia, zimo ndani ya nyumba za mawe, na milango yake hufungwa kwa komeo za mti na funguo za mti zenye meno. Mzee aliyenifungulia alinionyesha misahafu, hadithi, fiqhi, nahau, elimu ya nyota, tiba na mashairi, baadhi yake vikiwa na majalada ya ngozi. Kiarabu changu cha vitabuni kilitosha kumwuliza kwa nini asivipeleke Nouakchott kwenye hifadhi ya serikali. Alinijibu kwamba ni amana ya babu zake, na amana haihamishwi na aliyekabidhiwa.

Jibu ni la heshima, lakini maadui ni wengi. Mchwa hula karatasi. Hewa kavu huivunja. Mchanga umekwisha kufunika nyumba za mtaa wa kale, na vijana wanaondoka. Ada za watalii zilisaidia kutunza vitabu, lakini Wafaransa wanne walipouawa nchini Desemba 2007, na mashindano ya magari ya Dakar yakafutwa Januari 2008, wageni walipungua sana. UNESCO iliutia mji huu pamoja na Ouadane, Tichitt na Oualata katika urithi wa dunia mwaka wa 1996. Cheo hicho hakizuii mchanga.

Nikafikiri juu ya kwetu. Hati nyingi za mashairi ya Kiswahili, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na wazee wetu, leo zimo London, zikiwemo zilizokusanywa na W. E. Taylor na William Hichens. Huko zinatunzwa vizuri, hatuwezi kukana. Nyingine ziko bado masandukuni Lamu, Pate na Siyu, na wajukuu hawawezi kuzisoma kwa kuwa herufi zile hawakufundishwa. Mzee wa Chinguetti ana mchanga mlangoni, lakini akifungua kitabu hukisoma. Nani kati yetu aliye jangwani?

Mwenye sanduku la babu yake na alifungue, ahesabu, amtafute ajuaye kusoma kabla mchwa hawajamaliza. Nami naaga kwa ubeti huu:

Jua la jangwa ni kali, mchanga wawaka moto,
Vitabu vya jadi ghali, vyatunzwa kama watoto,
Hawaviuzi kwa mali, japo hawana mapato,
Nami nauliza swali, vyetu vimekwenda wapi?