Presha kuka ya umeme: Inalipa kwa maharage, hailipi kwa chapati

Katika maduka ya vyombo vya umeme ya Kariakoo, Dar es Salaam, presha kuka ya umeme sasa inakaa rafu moja na pasi, birika na raisi kuka. Serikali ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, chombo hiki kilianza kutajwa hata na watu ambao hawajawahi kukigusa. Mama lishe anaambiwa kitampunguzia gharama za mkaa. Mwenye duka anaambiwa aagize katoni kabla wenzake hawajaagiza. Wote wawili wanatakiwa kutoa fedha taslimu leo kwa faida itakayokuja baadaye, kwa hiyo hesabu ni vema ifanywe kabla ya kufungua pochi.

Kwanza ni vizuri kuelewa chombo chenyewe. Ni sufuria iliyofungwa kwa mfuniko wenye mpira, imewekwa ndani ya ganda linalozuia joto lisipotee, na chini yake kuna sahani ya umeme. Mvuke ukizuiwa ndani, maji hayaishii kwenye nyuzi joto 100 kama ilivyo kwenye sufuria ya wazi, bali hupanda hadi karibu 115 au zaidi kidogo. Ongezeko hilo la nyuzi 15 ndilo linaloivisha maharage makavu kwa dakika 40 badala ya saa mbili au tatu.

Wati 1,000 zilizoandikwa kwenye boksi huwatisha wanunuzi wengi, nao hudhani mita itazunguka kwa kasi hiyo muda wote wa kupika. Sivyo. Sahani hufanya kazi kwa nguvu zote kwa dakika 15 hivi za mwanzo, mpaka mvuke ujae. Baada ya hapo hujizima yenyewe, kisha huwaka kidogo kidogo kufidia joto linalopotea. Robo tatu kilo ya maharage na lita mbili za maji zinahitaji kiasi cha uniti 0.3 hadi 0.4 mpaka kuiva. Jiko la koili lenye wati hizo hizo, likiwa na sufuria ya wazi kwa saa mbili, linaweza kula uniti moja na nusu hadi mbili. Kwa maneno mengine, mtu aliyewahi kuchomwa na bili ya jiko la koili asilitumie kuihukumu presha kuka.

Bei ya umeme nayo haifanani kwa kila mteja. Kwa viwango vya mwaka 2016, mteja wa kundi la T1, wanakoingia wafanyabiashara wadogo wengi na nyumba zenye matumizi makubwa, hulipa Sh. 292 kwa uniti. Ikiongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inafika Sh. 356. Mteja wa nyumbani wa kundi la D1, ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh. 100, yaani Sh. 122 pamoja na makato hayo.

Hesabu ya mama lishe

Ichukuliwe mfano wa mama lishe mwenye kibanda chenye mita ya T1, anayechemsha kilo mbili na robo za maharage kwa siku. Presha kuka ya lita sita haijazwi maharage zaidi ya nusu, kwa sababu povu na maganda yanaweza kuziba tundu la mvuke. Kwa hiyo kila mkupuo ni robo tatu kilo, na mikupuo ni mitatu. Umeme wake, ukihesabiwa kwa kiwango cha juu cha uniti 0.4, ni uniti 1.2 kwa siku, yaani karibu Sh. 430.

Kama maharage hayo yalikuwa yakila mkaa wa Sh. 2,000, anaokoa Sh. 1,570 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni Sh. 40,820. Ikiwa chombo kilinunuliwa Sh. 180,000, kinarudisha fedha zake katika muda wa miezi minne na nusu hivi. Hayo ndiyo matokeo ambayo muuzaji hupenda kuyaonyesha, na hayana uongo ndani yake.

Ila yanaacha jambo moja. Katika vibanda vingi moto wa mkaa hauwashwi kwa ajili ya maharage peke yake. Jiko likishakolea asubuhi kwa chai, hubaki limewaka kwa wali, ugali na mboga, na maharage hukaa pembeni yakitokota kwa makaa ambayo yangekuwepo vyovyote vile. Mama lishe akiyaondoa maharage jikoni, huenda mkaa uliopungua ukawa wa Sh. 800 tu. Akitoa Sh. 430 za umeme, anabakiwa na Sh. 370 kwa siku, ambazo ni Sh. 9,620 kwa mwezi. Chombo kile kile cha Sh. 180,000 sasa kinahitaji zaidi ya mwaka mmoja na nusu kurudisha fedha, muda ambao mpira wa mfuniko utakuwa umeshabadilishwa na huenda waranti imekwisha.

Tofauti kati ya miezi minne na miezi kumi na minane haikutokana na umeme wala na bei ya dukani. Imetokana na swali moja: je, kuna jiko zima la mkaa litakalozimwa? Njia ya kujibu ni rahisi na haina gharama. Kwa wiki moja mama lishe anunue mkaa wake kama kawaida na aandike. Wiki ya pili achemshie maharage kwenye presha kuka ya kuazima, kwa jirani au kwa ndugu, kisha aandike tena. Tofauti ya wiki mbili hizo ndiyo akiba yake halisi. Bei ya mkaa ikipanda masika, barabara za vijijini zinapoharibika, akiba nayo hukua, kwa hiyo asipime mwezi wa mkaa rahisi akadhani ndiyo mwaka mzima.

Kuhusu muda, matangazo husema chombo kinaharakisha kazi. Kwa familia ni kweli. Kwa mikupuo mitatu si kweli sana: dakika 15 za kupasha moto, 40 za kuiva kwa maharage yasiyolowekwa, na nyingine 15 za kutoa mvuke ni saa moja na dakika kumi kwa kila mkupuo, au saa tatu na nusu kwa jumla. Yakilowekwa usiku, muda wa kuiva hushuka hadi dakika 15 au 20. Maharage ya zamani yaliyolala ghalani hayatii muda huo. Faida halisi ni kwamba hakuna wa kukaa akipepea na kuongeza maji, na mikono hiyo inaweza kukanda chapati.

Na chapati hazipikwi humo. Wala chipsi, maandazi, samaki wa kukaanga au ugali wa kibanda chenye wateja 50. Wali unaiva vizuri, lakini hauchukui muda mrefu hata kwenye sufuria, hivyo akiba ni ndogo. Chombo hiki huonyesha thamani yake kwenye vyakula sugu: maharage, makande, kunde, choroko, makongoro, utumbo, nyama ya ng'ombe mzee na kuku wa kienyeji. Anayeuza supu ya makongoro kila alfajiri ana sababu nzuri ya kununua kuliko anayeuza chipsi mayai, hata kama wa pili ana mauzo makubwa zaidi.

Nyumbani kuna mtego wa uniti 75

Familia inayochemsha nusu kilo ya maharage mara tatu kwa wiki haiwezi kufika uniti tano kwa mwezi kwa kazi hiyo. Ikiwa kundi la D1, ni kama Sh. 600. Hakuna mkaa unaoshindana na bei hiyo.

Tatizo huanza pale chombo kinapofungua mlango wa vingine. Ikinunuliwa presha kuka, birika hufuata, kisha raisi kuka, na nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60 hujikuta kwenye 85. Uniti 60 ziligharimu Sh. 7,320. Uniti 75 za kwanza ni Sh. 9,150, lakini kila uniti inayozidi hapo hutozwa Sh. 350 kabla ya makato, yaani Sh. 427, na hivyo zile kumi za ziada hufikisha jumla Sh. 13,420. Hali hiyo ikiwa ya kila mwezi na mteja akahamishiwa T1, uniti 85 hizo hizo zitagharimu zaidi ya Sh. 30,000. Ni ongezeko la Sh. 23,000 kwa mwezi, ambalo mnunuzi hakuliona kwenye boksi. Nyumba iliyo karibu na mpaka wa uniti 75 iangalie risiti zake za LUKU za miezi mitatu kabla ya kuamua.

Wapangaji wanaochangia mita moja wana hesabu yao ya pekee. Nyumba ya namna hiyo kwa kawaida imeshavuka uniti 75, hivyo kila uniti ni Sh. 356, na mpangaji anayepika kwa umeme atatazamwa vibaya siku LUKU ikiisha mapema. Ni afadhali akubaliane na wenzake mchango wa ziada mapema. Kwa uniti tano za familia, Sh. 2,000 kwa mwezi zinatosha, na amani ya nyumba ina thamani kuliko hiyo.

Upatikanaji wa umeme umekuwa nafuu kuliko kipindi cha mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi mwaka 2024. Hata hivyo nguzo ikianguka mtaani, bwawa halisaidii. Mwenye kibanda asiuze jiko lake la mkaa wala mtungi wa gesi.

Kwa mwenye duka

Mfanyabiashara anayetaka kuweka bidhaa hii dukani ana wateja wa aina mbili, na asiwachanganye. Wa kwanza ni mama lishe na mama wa nyumbani, wanaopiga hesabu ya mkaa na kurudi mara tatu kuuliza bei. Wa pili ni wanakamati wa kitchen party na send-off, wanaotafuta zawadi yenye boksi zuri na hawaulizi uniti hata moja. Aina ya pili hununua haraka lakini kwa msimu, na mwakani huenda wakahamia kwenye kikaangio cha hewa moto. Mtaji uliolala kwenye katoni 40 wakati msimu umepita haulipi kodi ya fremu.

Kuna mfano wa nje unaofaa kutazamwa. Instant Pot, presha kuka ya umeme iliyoanzishwa na Robert Wang nchini Kanada na kuingia sokoni mwaka 2010, ilikuwa gumzo katika majiko ya Marekani. Mwaka 2019 kampuni yake iliunganishwa na Corelle Brands. Juni 2023 kampuni hiyo, iliyokuwa ikiitwa Instant Brands, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi nchini Marekani ikiwa na madeni makubwa na mauzo yaliyopungua. Chombo hakikuwa kibaya. Presha kuka nzuri hudumu miaka mingi, na aliyekwisha kuinunua hana sababu ya kurudi dukani. Kwa muuzaji wa Kariakoo au Mwanjelwa, maana yake ni kwamba wimbi la kwanza la wateja lisichukuliwe kuwa ndiyo kasi ya miaka yote.

Kinachomrudisha mteja ni vipuri, hasa mpira wa mfuniko, ambao hulegea na kushika harufu ya vitunguu. Kabla ya kuagiza, muuzaji amtake msambazaji wake amhakikishie mipira, vali na sufuria za ndani za aina hiyo hiyo. Presha kuka isiyo na mpira wa akiba sokoni ni sufuria ghali isiyofunga.

Mitumba ya vyombo vya umeme inahitaji jicho kali. Kifaa cha Marekani hutengenezwa kwa volti 120 na cha Japani kwa volti 100, wakati umeme wa Tanzania ni volti 230. Sahani ya volti 120 ikichomekwa hapa hutoa joto karibu mara nne ya lililokusudiwa, na ya Japani zaidi ya mara tano. Hiyo haipiki, inaungua. Vyombo kutoka Uingereza na Dubai havina tatizo hilo. Maandishi ya volti huwa chini ya kitako au nyuma, na yakiwa yamefutika ni heri kuacha.

Mnunuzi naye asitoke dukani bila majaribio. Lita moja ya maji imwagwe ndani, mfuniko ufungwe, chombo kichomekwe kwenye soketi ya ukutani na si kwenye ekstensheni nyembamba yenye friji juu yake. Katika dakika kumi hivi kipini cha mfuniko kinapaswa kupanda na mvuke kukoma kutoka. Ukiendelea kuvuja pembeni, mpira ni mbovu au mfuniko umepinda, na kingine kiletwe hapo hapo, kabla risiti haijatolewa.