Mwanhuzi Haitamkwi Kama Inavyoandikwa

Makao makuu ya Wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, huandikwa Mwanhuzi, na mgeni kutoka Tanga au Dodoma hulisoma jina hilo kama alivyofundishwa shuleni, h akiimeza. Mwenyeji hatamki hivyo. Kwake jina linaanza na ng'wa, na ile nh ni n inayosindikizwa na pumzi ipitayo puani. Wengi huiita hiyo lafudhi ya Kisukuma, wakaicheka kana kwamba ni ulimi mzito ulioshindwa na Kiswahili. Nasema hawajaisikiliza. Matamshi ya watu wa Simiyu yana kanuni zake, nazo zinastahili kuchunguzwa na kufundishwa kwa uzito uleule tunaoipa sarufi.

Chukua mnyama anayeitwa mhala kwa Kisukuma, yaani swala pala, ambaye jina lake lina mh, sauti ya namna moja na ile nh, umlinganishe na paa wa Kiswahili. Majina hayo mawili yana asili moja ya Kibantu, iliyoanza na nazali, yaani sauti ya puani, ikifuatwa na p. Pwani nazali ilidondoka, ikaiachia p mpumuo; ndiyo maana wazee wa Lamu na Mombasa hutofautisha kwa mpumuo huo paa wa porini na paa la nyumba, ingawa maandishi sanifu huyaandika sawasawa. Usukumani mambo yakaenda kinyume: p ndiyo iliyodondoka, na nazali ikabaki na pumzi. Mtaalamu wa fonetiki Ian Maddieson, wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliziandikia nazali hizi makala mwaka 1991, nazo ni sauti adimu duniani. Kwa hiyo aliye Bariadi huko Simiyu na aliye Lamu wamerithi kitu kimoja, kila mmoja akakitunza kwa njia yake, na hakuna kati yao aliyeharibu.

Irabu nazo zinasimulia vivyo hivyo. Kiswahili kina tano. Kisukuma kina saba, idadi ileile ambayo wanaisimu huihesabu katika Kibantu cha kale: kati ya i na e imo nyingine, na kati ya u na o vilevile. Kiswahili ndicho kilichoziunganisha. Juu ya irabu kuna toni, na hapa ndipo Kisukuma kinaposhangaza zaidi. Toni ya juu iliyo mali ya silabi fulani husikika silabi mbili mbele yake, na mara nyingine huvuka hadi katika neno linalofuata. Mwanaisimu Irvine Richardson aliieleza tabia hiyo mwaka 1959, kisha Herman Batibo, mwanaisimu Mtanzania, akaichambua lugha hii kwa kina katika kitabu cha Kifaransa kilichotoka Paris mwaka 1985. Inasikitisha kwamba mwalimu wa Maswa anayetaka kuzielewa sauti za wanafunzi wake aelekezwe kwenye kitabu cha Kifaransa.

Tena Kisukuma hakisikiki namna moja. Upande wa magharibi lahaja huitwa Kimunasukuma. Untuzu, ambako ndiko Bariadi, husema Ginantuzu. Kusini-mashariki ni Jinakiiya. Ki, gi, ji: kiambishi kimoja cha ngeli, na kila eneo limejitaja kwa matamshi yake. Tofauti za namna hii zipo hata katika lugha kubwa, na Warusi walianza mapema kuzichunguza katika lugha yao. Sarufi ya Mikhail Lomonosov ya mwaka 1755 ilikwisha kugusia lahaja za maeneo, na mwaka 1915 wataalamu wa Moscow walichapisha ramani ya lahaja za Kirusi cha upande wa Ulaya. Katika Kirusi o isiyo na mkazo husikika kama a mjini Moscow, ilhali vijiji vya kaskazini vimeibakiza o. Mikhail Gorbachev, mzaliwa wa Stavropol, aliiongoza dola nzima ya Kisovieti akiwa na g ya kusini, laini kama gh yetu.

Kuna watakaosema kuwa kuchunguza lafudhi ni kuchochea ukabila katika nchi iliyounganishwa na Kiswahili. Hofu hiyo ina sababu, maana lafudhi imetumika kumbagua mtu kabla hajamaliza sentensi. Lakini ubaguzi huo hustawi palipo na ujinga wa sauti: anayejua nh ilikotoka hana tena cha kucheka. Wengine wataniambia kuwa mtoto anahitaji Kiswahili sanifu ili afaulu mtihani. Kweli, na njia fupi ya kumfikisha huko ni mwalimu anayejua ni sauti ipi mtoto anayo tayari na ipi ni ngeni kwake. Kumwambia tu kwamba amekosea hakumfundishi ulimi ukae wapi.

Hoja nzito zaidi ni kwamba lahaja zinachanganyika, hasa tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012 na Bariadi, makao makuu yake, kupokea watumishi kutoka kila pembe. Hiyo ni sababu ya kuharakisha. Sababu nyingine ni teknolojia: programu za kompyuta zinazogeuza usemi kuwa maandishi hujifunza kwa sauti zilizorekodiwa. Zisipolishwa sauti za Simiyu, mkulima wa pamba wa Itilima atazungumza na simu isimwelewe. Kazi ya mwanzo haihitaji maabara: orodha moja ya maneno, ikiwa na mhala ndani yake, isomwe na wazee na vijana wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, irekodiwe kwa simu mahali patulivu, na kila rekodi iandikwe kijiji na umri wa msemaji.