Kuchonga Mtepe Mdogo

Wasikilizaji wetu wa Tarime na Serengeti huenda wakauliza: sisi tulio mbali na bahari, kuchonga vyombo vidogo vya mti kutatufaa nini? Twawajibu kwa habari za mtepe. Chombo hiki cha pwani ya Lamu, kilichoshonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari, kilitoweka katika karne ya 20. Mafundi walipounda mtepe tena huko Unguja, mwaka 2003, hapakuwa na mmoja wa kale wa kupimia. Iliwapasa kutazama picha na mifano midogo. Mfano uliokosewa vipimo ungaliwapotosha.

Basi na tuchague kipimo kimoja tukishike: tukipunguza mara 20, mita 10 huwa sentimita 50. Mbao za ubavuni hutobolewa kingoni na kushonwa kwanza; mataruma hufuata, nayo hufungwa kwa kamba. Vijana wengi hapa hukimbilia gundi, nasi hatupendezwi nayo hata kidogo. Uzi wa katani wafaa mahali pa kamba ya nazi. Tanga ni la mraba, la mkeka.

Asiyevutiwa na mtepe na achonge mtumbwi wa Sese, wa Ziwa Victoria upande wa Uganda; mbao zake nazo zilishonwa.