Kibarua, Kipande na Setla: Ziara ya Makumbusho ya Karen Blixen

Katika ziara yetu ya kimasomo nchini Kenya tuliwapeleka wanafunzi wetu kutoka Kampala kwenye Makumbusho ya Karen Blixen, nje kidogo ya jiji la Nairobi, chini ya vilima vya Ngong. Nyumba hiyo ya mawe ilijengwa mwaka 1912. Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, aliishi humo akilima kahawa hadi shamba liliposhindikana mwaka 1931. Serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo wakati wa uhuru, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1986.

Swali la kwanza lilizuka barazani: tumwite mama huyu nani? Mmoja alisema "mwanzilishi". Mwenziwe akamuuliza, mwanzilishi wa nini, ilhali Wakikuyu na Wamaasai walikuwapo? Tulikubaliana juu ya "mlowezi", ingawa wazee wengi wa Kenya husema "setla", na neno hilo lina uchungu ambao "mlowezi" halina.

Vyumba vya mbele, vyenye vitabu na ngozi za wanyama, tulivipita upesi. Tulikaa sana jikoni, kwa kuwa hapo ndipo Kiswahili kilipofanya kazi. Masetla wengi walisema kile kinachoitwa Kisetla: "mimi taka maji moto", bila viambishi wala upatanisho, na karibu kila sentensi ni amri. Mwanafunzi mmoja alitikisa kichwa akasema, "Mwalimu, hiki ndicho nyanya yangu anachokiogopa." Wenzetu wa Uganda watamwelewa. Kwetu wengi walikijua Kiswahili kwanza kinywani mwa askari.

Tuliwaeleza basi kuhusu "kibarua". Neno latokana na "barua": kilikuwa cheti kidogo alichopewa mfanyakazi ili siku zake za kazi zihesabiwe. Baadaye mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la karatasi yake, kisha kazi yenyewe. Kwa hiyo twasema "kibarua amefika", lakini "kibarua changu kimeota nyasi". Upatanisho huo, ambao huwasumbua wanafunzi kila mwaka, safari hii ulieleweka bila ubao.

"Kipande" nacho kilikuwa cheti cha utambulisho ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuwa nacho baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Asiyekuwa nacho alishtakiwa.

Inafaa kukumbuka kwamba Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili iliundwa mwaka 1930, Blixen akikaribia kufungasha. Kabla ya kuondoka, alihangaika maofisini ili familia za Wakikuyu zilizoishi shambani zipewe ardhi pamoja, zisitawanywe. Zilipewa. Mwanafunzi yule wa swali la kwanza aliandika daftarini: "Kupewa au kurudishiwa?" Tumeliweka swali hilo katika zoezi la muhula huu la kauli ya kutendewa.