Risasi ya Mlimani kwenye Jua la Pwani

Mwindaji anayeshuka kutoka Lushoto kwenda Bagamoyo na risasi alizojaza mwenyewe huanza kwa kuhofia mwinuko. Hofu yake imepotea njia. Baruti haihitaji hewa ya nje ili iungue, kwa kuwa oksijeni yake imo ndani ya kemikali zake. Tena, risasi ya Mauser ikifyatuliwa, mgandamizo ndani ya chemba huzidi mara 3,000 ule wa hewa ya ufukweni. Hewa ya mji wa Moshi, kwa mfano, imepungua kwa takriban sehemu moja ya kumi tu ya hiyo ya ufukweni. Chemba haina habari. Mwinuko huigusa risasi ikishatoka mtutuni, maana hewa nyepesi haiikwamishi sana.

Cha kuogopa ni joto. Baruti iliyopashwa huungua upesi zaidi, na mgandamizo hupanda. Kipimo kilichofika ukingoni mwa usalama asubuhi ya baridi Lushoto kinaweza kuuvuka baada ya risasi kushinda ndani ya gari lililofungwa, juani, Bagamoyo mwezi wa Februari. Ganda hung'ang'ania chemba, fataki hubapa. Waingereza waliokuja na bunduki za tembo, kama zile za .470, walitumia kodaiti, baruti inayosumbuka sana na joto. Ndiyo maana maganda yao yalikuwa makubwa na mgandamizo wake wa chini.

Unyevu nao una kisa chake kaskazini mwa pwani hii. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg, ilikimbizwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth hadi ghuba ya Manza, karibu na Tanga, ikazamishwa kwenye maji mafupi. Shehena ikaopolewa, lakini chumvi ilikuwa imeshaingia kwenye risasi. Askari, maboi na wapagazi walikusanywa Moshi, wakashinda miezi wakifungua maganda, wakisafisha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki kwa za aina nyingine zilizokuwemo koloni.

Mpishi yeyote wa risasi leo angetetemeka: fataki kali zaidi peke yake hupandisha mgandamizo, hata baruti isipoongezwa punje. Lakini tatizo lililomsumbua von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani kolonini humo, lilikuwa kinyume, yaani risasi zisizolia. Mafungu ambayo risasi takriban 20 kwa kila 100 ziligoma yalipelekwa vitani. Yaliyogoma zaidi yakawa ya mazoezi. Na zile ambazo maji hayakuziharibu zikatengewa bunduki za rashasha.