Sonona ikirudi mara ya tatu

Kuuliza kama meditesheni inatibu sonona ni kama kuuliza kama mazoezi yanaponya mgongo: mgongo wa nani, na umeumia vipi? Jibu lenye mashiko lilianza kupatikana mwaka 2000, pale John Teasdale, Zindel Segal, Mark Williams na wenzao walipofuatilia watu 145 waliokwisha kupata nafuu na kuacha dawa. Kwa waliougua mara tatu au zaidi, mafunzo ya meditesheni ya wiki 8 yalipunguza waliorudiwa na sonona kutoka asilimia 66 hadi takriban 40 katika muda wa kama mwaka mmoja. Kwa waliougua mara mbili tu, hayakusaidia.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Kwa maelezo ya watafiti hao, kila sonona ikipita huacha njia iliyokanyagwa akilini. Baadaye huzuni ndogo tu yatosha kuamsha mawazo yale yale ya "sifai", na mtu akianza kuyacheua hayaishi. Ndiyo maana darasa la kwanza huanza na zabibu kavu moja: unaiviringisha vidoleni, unatazama makunyanzi yake, unaitafuna polepole. Kichekesho, naam, lakini zoezi lenyewe ni hilo: kugundua akili imetoroka na kuirudisha bila kuikaripia. Baadaye hufuata pumzi, na minyoosho ya yoga ya kuusikiliza mwili, si ya kujikunja kama mwanasarakasi.

Basi tuvitupe vidonge? Hapana. Katika utafiti wa Uingereza wa watu 424, uliochapishwa mwaka 2015, asilimia 44 ya waliofundishwa huku wakisaidiwa kupunguza dawa walirudiwa na ugonjwa ndani ya miaka miwili, dhidi ya 47 ya walioendelea nazo. Mafunzo hayakuzishinda dawa. Ni njia ya pili, na dawa hupunguzwa mbele ya daktari. Wanaohofia kwamba meditesheni ni dini wana haki ya kuuliza: Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo mama huko Massachusetts mwaka 1979, aliyachota katika Ubudha na yoga, akaacha ibada. Ambaye dhamiri yake bado inakataa, zipo tiba nyingine za mazungumzo.

Wanaonitatiza zaidi ni mashabiki, wanaotaka kila mtu afundishwe. Uingereza walijaribu mashuleni, kwa wanafunzi zaidi ya 8,000. Matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha afya ya akili bora kuliko ya wenzao waliofuata masomo ya kawaida, na wengi hata mazoezi ya nyumbani hawakuyagusa.