Waya wa Spika: Unene Kwanza, Bei Baadaye

Waya wa spika ni jozi ya nyaya za shaba zilizovikwa plastiki, ambazo kazi yake ni kupeleka umeme kutoka kwenye amplifaya, yaani chombo kinachokuza mawimbi ya sauti yakiwa bado katika hali ya umeme, hadi kwenye spika inayoyageuza kuwa mtikisiko wa hewa. Wauzaji huupamba kwa sifa nyingi, ilhali inayofika sikioni hasa ni moja: ukinzani, maana yake kiasi ambacho waya huzuia umeme kupita.

Ukinzani, ambao hupimwa kwa omu, huongezeka waya unaporefuka na hupungua unaponenepa. Spika iliyo mita 10 kutoka kwenye amplifaya huhitaji mita 20 za shaba, kwa kuwa umeme sharti uende na kurudi. Ikiwa waya una unene wa milimita za mraba 1.5, ukinzani wote hufikia takriban omu 0.23. Kwa spika ya omu 8, hiyo ni chini ya asilimia 3 na haisikiki. Kwa spika ya omu 4 imevuka asilimia 5, kiwango ambacho mafundi wengi hukihesabu kuwa mpaka, na hapo waya wa milimita za mraba 2.5 hufaa zaidi.

Mpaka huo hauhusu ukubwa wa sauti pekee. Omu zilizoandikwa nyuma ya spika ni makadirio tu, kwani ukinzani wa spika hubadilika kufuatana na masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, hata spika ya omu 8 ikaweza kupanda hadi omu 20 au zaidi kwenye besi na kushuka hadi 6 kwingineko. Waya mwembamba hula sehemu kubwa zaidi ya umeme pale ambapo omu za spika ni chache, hivyo uwiano wa besi na sauti nyembamba hupotoka, na kuongeza sauti hakuurekebishi.

Fedha hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko shaba kwa asilimia 6 hivi, faida ambayo shaba nene kidogo huifikia kwa bei ndogo mno. Wa kuepukwa ni waya wa alumini iliyopakwa shaba, ambao ukikwaruzwa huonyesha weupe ndani, na ambao ukinzani wake huzidi ule wa shaba tupu kwa zaidi ya nusu.

Lakini kosa linaloharibu muziki kuliko yote haya halitokani na waya mbovu. Nyaya za spika moja zikigeuzwa, chanya ikafungwa kwenye hasi, koni yake, yaani sehemu ya spika inayotikisika, huvuta hewa nyuma wakati ya pili inaisukuma mbele, besi hufifia, na sauti ya mwimbaji iliyopaswa kusikika katikati ya spika hizo mbili hukosa mahali. Alama za waya zikiwa zimefutika, spika hutenganishwa kwanza na amplifaya, kisha ncha za waya huguswa kwa nukta moja tu na betri ya volti 1.5: koni kubwa ikichomoza mbele, ncha iliyo kwenye chanya ya betri ndiyo inayokwenda kwenye chanya ya spika.